Namna ya Kuukagua Mswada Kabla Haujaiangusha Filamu Iliyopigwa Vizuri

Filamu nyingi zinazotengenezwa sasa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya jirani hazitiliwi shaka tena kwa upande wa picha. Kamera nzuri hukodishwa kwa siku, droni huonyesha Ziwa Victoria kwa namna ambayo mtu aliye ufuoni hawezi kuliona, na waigizaji waliopitia tamasha za kitaifa za drama na filamu za shule huja wakiwa tayari wanajua kutamka, kusimama na kusikilizana. Hata hivyo, watazamaji hutoka ukumbini wakiisifu picha na kuinyamazia hadithi. Kosa lenyewe kwa kawaida halikufanyika siku ya kupiga picha wala mezani kwa mhariri. Lilikuwa kwenye karatasi tangu awali, na kila aliyelipitia alidhani kwamba anayepokea kazi baada yake angelirekebisha. Mwelekezi Akira Kurosawa wa Japani alishikilia kwamba mswada mzuri ukimwangukia mwelekezi wa wastani bado unaweza kuzaa filamu inayotazamika, ilhali mswada mbaya hauwezi kuzaa filamu nzuri hata mikononi mwa mwelekezi hodari. Maelezo yanayofuata yanamlenga yeyote aliyeshika mswada, awe ameuandika mwenyewe, ameununua au amepewa auelekeze, ambaye angependa kujua kabla ya kulipia siku ya kwanza ya kazi iwapo utaibeba filamu au utaiangusha.

Anza na dalili zinazojitokeza baadaye

Udhaifu wa mswada hutambulika kwa urahisi zaidi ukianzia mwisho wa safari, katika chumba cha uhariri, kwa kuwa huko ndiko watu huanza kuuziba bila kuutaja. Mhariri anapoambiwa aongeze sauti ya msimulizi katika filamu ambayo haikuandikiwa msimulizi, maana yake ni kwamba matukio yameshindwa kujieleza. Anapoambiwa aweke muziki katika kila onyesho, muziki huo umetumwa kuleta huzuni au hofu ambayo wahusika hawakuileta. Anapoombwa arefushe picha za droni zinazoonyesha machweo na magugu maji, mara nyingi yapo maonyesho mawili yasiyohusiana, na ziwa limeitwa lizibe pengo lililo kati yake. Na onyesho la kilele likihamishiwa mwanzoni, kisha yakafuata maandishi ya kutujulisha kwamba sasa tunarudi wiki mbili nyuma, ni kwa sababu robo saa ya kwanza haina cha kumzuia mtazamaji asiinuke. Sisemi kwamba msimulizi, muziki, droni na mbinu rejeshi ni makosa. Vikiwa vimeandikwa tangu mwanzo kwa kazi maalumu, ni vifaa halali kama vifaa vingine. Shida huwa pale vinapoitwa usiku wa manane kuja kuokoa.

Ukizijua dalili hizo, unaweza kuzitafuta mapema. Chukua mswada na kalamu, na katika kila onyesho ujiulize: likipigwa kama lilivyoandikwa, bila muziki na bila msimulizi, mtazamaji atajua nini ambacho hakukijua, na atakuwa na wasiwasi kuhusu nini? Liandike jibu pembeni kwa sentensi moja. Onyesho ambalo pembeni yake pamebaki peupe ndilo ambalo baadaye mhariri ataombwa alipake rangi. Kadhalika, mtazamaji akilalamika kwamba filamu ni ndefu, usikimbilie kuhesabu dakika. Filamu ya dakika 70 huweza kuchosha na ya dakika 150 ikapita upesi. Anayelalamikia urefu huwa anasema, kwa adabu, kwamba kwa muda mrefu hakuwa na cha kusubiri.

Mhusika anayeteseka si lazima awe na hadithi

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho ili tusitangetange. Tuseme mswada unamhusu Akinyi, mjane anayechuuza omena, yaani dagaa wa ziwani, katika ufuo wa Dunga, Kisumu, na Odhiambo, mwenye mashua kadhaa ambaye huwauzia wanawake kwa masharti yanayojulikana katika fuo nyingi za ziwa hili, yaani ule uhusiano wa jaboya ambapo mchuuzi hutakiwa kuutoa mwili wake ili apewe samaki. Hii ni mada nzito na ya kweli, na ndiyo maana inavutia waandishi. Uzito wa mada, hata hivyo, humdanganya mwandishi akadhani kwamba kazi imekwisha. Mswada wa kwanza wa hadithi ya aina hii huwa na kurasa nyingi za Akinyi akilia, akitukanwa, akifukuzwa na mwenye nyumba na akikaa gizani, na kamera nzuri itazipiga kurasa hizo kwa ustadi mkubwa, lakini Akinyi hana anachokitafuta. Mtazamaji humhurumia kwa dakika kumi, halafu huruma hugeuka kuwa mazoea.

Mpe mhusika kitu anachokitaka ambacho kamera inaweza kukiona kikipatikana au kikikosekana. Kutaka heshima hakuonekani. Kutaka mashua yake mwenyewe kunaonekana. Kisha mpe mtu wa kumzuia mwenye sababu zake. Odhiambo akiwa mbaya kwa kuwa mswada unahitaji mtu mbaya, huyo ni mhusika bapa, na mwigizaji bora hana pa kumshika. Odhiambo mwenye deni la injini, anayejua kwamba kila mwanamke atakayepata mashua ni mteja mmoja aliyepungua, ana damu mwilini. Mwisho, amua Akinyi atapoteza nini akishindwa, na hasara hiyo iwe kubwa kuliko ile aliyoanza nayo.

Mahali hadithi inapotokea panaweza kukusaidia kuliko unavyofikiri. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi huwatawanya samaki na kuzipunguzia taa nguvu. Tena, upande wa Kenya uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane. Mwandishi anayeyajua haya tayari ana vipimo viwili vya muda vinavyombana mhusika wake, mwezi unaozidi kung'aa na tarehe ya kufungwa kwa msimu, na wala hakuhitaji kubuni chochote. Ndiyo maana napenda jaribio hili: uhamishe mswada wako kiakili hadi mji mwingine, kwa mfano kutoka Dunga hadi mtaa wa Nakuru wenye wauza mboga. Ikiwa hakuna onyesho linaloharibika kwa uhamisho huo, basi ziwa lilikuwa pazia tu la nyuma, na picha zake zote za kupendeza hazitaisaidia hadithi.

Unganisha maonyesho kwa sababu, si kwa kalenda

Hapa ndipo miswada mingi huvunjikia, na ndipo ningeomba msomaji atumie muda mrefu zaidi. Andika kila onyesho kwa sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, uvipange vipande hivyo sakafuni kwa mfuatano wake, halafu katikati ya kila viwili uandike neno moja kati ya haya matatu: "kwa hiyo", "lakini" au "halafu". Uwe mkweli. Neno "halafu" likitawala, ulicho nacho ni shajara ya mhusika na si msuko.

Tazama mfuatano huu: Akinyi anauza omena sokoni Kibuye, halafu mwanawe anaugua, halafu dada yake anawasili kutoka Nairobi, halafu kuna harusi ya jirani, halafu Odhiambo anakamatwa na polisi. Kila kimojawapo kinaweza kuwa onyesho la kuvutia. Harusi itakuwa na ngoma na rangi, hospitali itakuwa na machozi, na soko la Kibuye siku ya Jumapili ni zawadi kwa mpiga picha yeyote. Lakini ukiliondoa onyesho la harusi, hakuna lolote litakalobadilika baada yake, na mtazamaji huihisi hali hiyo hata kama hawezi kuitaja. Anajua kwamba anachokiona hakitadaiwa baadaye, hivyo huacha kukumbuka.

Sasa linganisha na huu. Akinyi anayakataa masharti ya Odhiambo, kwa hiyo beseni lake halijazwi. Kwa hiyo karo hailipwi na mwanawe anarudishwa nyumbani, kwa hiyo Akinyi anakopa katika chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na kununua mashua kuukuu. Lakini kabla hajapata faida ya mwezi mmoja, msimu unafungwa huku mkopo ukiendelea kudai. Kwa hiyo anashawishika kuwatuma vijana wakavue usiku kinyume cha sheria, lakini anayezijua njia za kuikwepa boti ya doria ni Odhiambo peke yake. Hakuna harusi, hakuna hospitali, na bado mtu anayesoma sentensi hizi nne anataka kujua ya tano. Zingatia pia kwamba kila hatua ilitokana na uamuzi wa Akinyi mwenyewe. Hata kosa lake ni lake. Mhusika mkuu anayetendewa mambo tangu mwanzo hadi mwisho hawezi kuokolewa na uigizaji, kwa sababu mwigizaji hawezi kuigiza uamuzi ambao haukuandikwa.

Kuna faida nyingine ya vile vipande vya karatasi ambayo waandishi wachache huitumia. Chomoa kimoja bila mpangilio, ukifiche, kisha umsimulie rafiki hadithi ukiruka onyesho hilo. Asipouliza swali, onyesho hilo halikufungwa na lolote. Ama lifunge au lifute, na usilihurumie kwa kuwa lilikuwa zuri.

Mazungumzo: mambo ambayo wahusika wasingeambiana

Mazungumzo ndiyo sehemu ambayo udhaifu wa mswada husikika kwa masikio, na hakuna maikrofoni inayoweza kuusafisha. Kosa kubwa ni wahusika kuambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili tu mtazamaji asikie. Hili ni onyesho jinsi linavyoandikwa mara ya kwanza:

AKINYI: Odhiambo, kama unavyojua, mume wangu alifariki ziwani miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimewalea watoto wetu watatu peke yangu kwa kuuza omena.
ODHIAMBO: Naelewa, Akinyi. Mimi kama mwenye mashua nyingi hapa Dunga ninaweza kukusaidia. Lakini wewe utanipa nini?
AKINYI: Siwezi kukubali jambo hilo! Wanawake tuna haki zetu!

Hakuna mwenye mashua anayezungumza hivyo, na hakuna mjane anayemweleza jirani yake kwamba mumewe alikufa. Tena, kila kitu kimesemwa. Hakuna kilichobaki cha kuchezwa. Sasa lisome onyesho lilelile likiwa limeandikwa upya:

NJE. UFUO WA DUNGA. ALFAJIRI.
Mabeseni ya wanawake yamepangwa mstari mchangani. La Akinyi ni la mwisho. Amevaa koti la mvua la kiume linalomzidi mabega. Odhiambo anasimamia ugawaji.
AKINYI: Jaduong', habari ya usiku?
ODHIAMBO: Mwezi umeanza kutuharibia.
Anajaza beseni la mwanamke wa mbele.
AKINYI: Beseni langu liko hapo tangu saa kumi.
ODHIAMBO: Nimeliona.
AKINYI: Leo pesa ninazo. Zote.
ODHIAMBO: Nyar Seme, nani amezungumzia pesa?
Wanawake wengine wanainamia mabeseni yao. Akinyi analiinua lake. Anasita. Analirudisha palepale, mstarini.

Maneno yamepungua, lakini habari zimeongezeka. Koti la kiume linamtaja mume aliyekwisha kufa, na kifo chenyewe kitajulikana baadaye pale kitakapokuwa na kazi. Mwezi unaokua umetajwa kama malalamiko ya kawaida ya mvuvi, ilhali unatuandaa kwa uhaba unaokuja. Odhiambo, aliyesalimiwa kwa heshima kama Jaduong', yaani mzee, anamwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwao alikozaliwa, kwa upole, na ni upole huo unaotisha. Wanawake wanaoinamia mabeseni wanatuambia kwamba jambo hili si geni kwao. Na Akinyi anaporudisha beseni mstarini badala ya kuondoka au kukubali, mwigizaji amepewa kitu cha kuigiza na mpiga picha amepewa kitu cha kupiga.

Unapokagua mazungumzo, ficha majina ya wahusika kwa karatasi na usome maneno yao tu. Ikiwa huwezi kutambua ni nani anayesema, wote wanazungumza kwa sauti ya mwandishi. Futa pia sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila mazungumzo uone iwapo kuna kilichopotea; mara nyingi sana hakuna, kwa sababu ya kwanza ni salamu na ya mwisho ni maelezo ya kile tulichokwisha kukiona. Salamu huachwa tu pale zinapofanya kazi nyingine, kama ile ya Akinyi, ambayo kwa hakika ni ombi.

Kila mtu aseme kwa lugha anayoisema

Jambo hili linatuhusu sisi wa magharibi mwa Kenya kuliko wengi. Katika miswada mingi, mama wa sokoni, mwendesha bodaboda, mwalimu na afisa wa polisi wote huzungumza Kiswahili kilekile cha taarifa ya habari, eti kwa kuwa filamu ni ya Kiswahili. Picha inatuonyesha Kisumu, masikio yanatupeleka studio. Ufuoni Dunga wavuvi na wachuuzi watazungumza Kijaluo, wakichanganya na Kiswahili pale anapofika mnunuzi wa kutoka mbali. Nakuru, mji uliokusanya Wakikuyu, Wakalenjin na jamii nyingine nyingi, Kiswahili na Sheng ndizo zitakazotawala mtaani bila kulazimishwa. Bungoma na Vihiga, Mbukusu na Mmaragoli wote ni Waluhya, lakini wakikutana wakaona lahaja zao hazifikiani vizuri, watakimbilia Kiswahili.

Usiishie katika kuiga tu hali hiyo, itumie. Lugha ambayo mtu anaichagua inaonyesha amejiweka wapi. Odhiambo huzungumza Kijaluo na Akinyi kwa muda wote wa filamu. Siku anapomjibu kwa Kiswahili mbele ya ofisa wa uvuvi, kana kwamba hawajawahi kujuana, amemfukuza bila kunyanyua mkono. Uamuzi huo ni wa mswada. Mwandishi asipouandika, kwenye seti kila mwigizaji ataamua lugha yake kwa kubahatisha, na maandishi ya tafsiri chini ya skrini yatakuja kufunika fujo hiyo bila kuiondoa. Kwa hiyo, katika kila onyesho, andika chini ya mahali na saa ni lugha gani inayotumika na ni nani anayeibadilisha.

Sadfa na taharuki

Waliosoma fasihi shuleni wanaikumbuka sadfa kama mbinu mojawapo ya kutajwa kwenye mtihani. Katika mswada ni mkopo wenye riba. Kanuni inayofaa ni hii: sadfa inaruhusiwa kumtia mhusika taabani, lakini isimtoe. Mashua ya Akinyi ikipasuka kwa kugonga gogo, mtazamaji atakubali, kwa maana maisha ndivyo yalivyo. Odhiambo akigongwa na bodaboda katika dakika ya 85, au mjomba aliyesahaulika akatuma pesa kutoka Marekani, mtazamaji ataona kwamba mwandishi amechoka. Ikiwa huna budi kuleta msaada kutoka nje, uupande mapema na uulipie. Mjomba atajwe mwanzoni, akataliwe jambo katikati, na msaada wake uje na sharti linalomgharimu Akinyi.

Kuhusu taharuki, mwelekezi Alfred Hitchcock alimweleza mwelekezi mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, tofauti ambayo kila mwandishi angeibandika ukutani: bomu likilipuka chini ya meza ghafla, watazamaji hupata mshtuko wa sekunde 15, wakijulishwa mapema kwamba bomu lipo huku wahusika wakiendelea na mazungumzo yao ya kawaida, hupata wasiwasi wa dakika 15. Waandishi wetu hupenda kuficha. Huficha kwamba Odhiambo aliwatonya wa doria, kisha wakatufichulia kwa kishindo baada ya vijana kukamatwa. Jaribu kinyume chake. Tuone Odhiambo akipiga simu, halafu tuone vijana wakisukuma mashua majini, wakitaniana, mmoja akirudi nyumbani kuchukua sweta. Hakuna hata senti moja iliyoongezwa kwenye bajeti, na onyesho la kawaida la kusukuma mashua limekuwa gumu kutazama.

Filamu zenye ujumbe wa mfadhili

Katika eneo letu filamu nyingi hulipiwa na mashirika yanayotaka kufundisha jambo: afya, haki, uchaguzi wa amani, mazingira. Sina ugomvi na pesa hizo, na bila hizo mafundi wengi wangekuwa wamehamia Nairobi zamani. Lakini miswada yake huwa na ugonjwa mmoja, nao ni mhusika mwenye hekima, mara nyingi mwalimu au muuguzi, anayesimama karibu na mwisho na kutoa hotuba. Mfadhili akidai hotuba hiyo, usibishane naye kwa hoja za sanaa. Mwombe aorodheshe mambo ambayo angetaka mtazamaji ayajue akitoka ukumbini, kisha mwonyeshe ni katika onyesho gani kila jambo linatokea kama matokeo ya kitendo cha mhusika. Mkopo wa chama uliomwezesha Akinyi kukataa umekwisha kufundisha kuhusu uwezo wa kiuchumi wa wanawake. Mfadhili mwenye orodha iliyotiwa alama zote hukubali kuipunguza hotuba, na wakati mwingine huiacha kabisa.

Usomaji wa pamoja

Wakusanye waigizaji, au hata marafiki wenye sauti tofauti, katika chumba kimoja na muusome mswada wote bila kusimama. Mwandishi asisome sehemu yoyote. Akae kando na nakala yake. Mtu mmoja asome maelezo ya vitendo, mwingine ashike saa. Ukurasa mmoja uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida wa miswada, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Makadirio hayo hupotoka pale ukurasa unapokuwa na vitendo vingi kuliko maneno, ndiyo maana saa inahitajika. Mwandishi aweke alama kila mahali msomaji anapojikwaa katika sentensi, kila mahali watu wanapocheka pasipotarajiwa, na kila mahali mtu anapoitazama simu yake. Alama za aina ya tatu ndizo za thamani zaidi.

Baadaye usiwaulize kama wameupenda. Wataupenda, kwa kuwa wanakupenda wewe au wanaitaka kazi. Waulize walidhani nini kitatokea baada ya ukurasa wa 30, walianza lini kumwamini au kumshuku Odhiambo, na wakisimulia hadithi hii nyumbani wangeanzia wapi. Wakianzia ukurasa wa 20, basi kurasa 19 za kwanza ni za kupunguzwa. Msikilize kwa makini anayekuambia kwamba hakuelewa, na umpuuze kwa heshima anayekuambia la kufanya. Wa kwanza anajua palipouma, wa pili anabahatisha dawa.

Weka alama kwenye maonyesho ambayo hayawezi kukatwa

Kuna njia moja ambayo mswada mzuri hugeuka kuwa dhaifu baada ya kukamilika, nayo hutokea kwenye seti. Mvua inashuka Dunga saa tisa alasiri, mashua ya kukodi inaondoka kwa sababu mwenyewe ana mteja mwingine, mwanga unakwisha, na mwelekezi analazimika kukata onyesho moja. Kwa kawaida hukata lile gumu kupigwa, na lile gumu kupigwa mara nyingi ndilo lililobeba sababu ya yote yanayofuata. Miezi miwili baadaye mhariri anakuta kwamba Akinyi ana mashua lakini hakuna mahali alipokopa, na hapo sauti ya msimulizi huitwa.

Kwa hiyo, kabla ya ratiba ya kazi kuchapishwa, rudi kwenye vile vipande vya karatasi na uweke alama nyekundu kwenye maonyesho ambayo yakiondoka mnyororo wa "kwa hiyo" na "lakini" unakatika. Yasizidi robo ya maonyesho yote, yakizidi, hujachagua. Yapange yapigwe katika siku za mwanzo, wakati pesa zipo na watu hawajachoka, na kamwe yasipangwe alasiri katika miezi ya masika. Kisha kwa kila moja andika toleo la pili ambalo ni rahisi kupiga na linabeba sababu ileile: onyesho la mashua 20 usiku ziwani liwe na mbadala wa wanawake watatu ufuoni wanaohesabu taa za mbali, onyesho la mkutano mzima wa chama liwe na mbadala wa Akinyi na mweka hazina wakiwa wameinamia kitabu kimoja cha akaunti. Wapo waelekezi wanaogundua kwamba mbadala ni bora kuliko lile la kwanza, na wanaupiga huo hata kama mvua haikunyesha. Orodha ya alama nyekundu pamoja na mbadala wake ipewe msaidizi wa mwelekezi, mtayarishaji na mhariri, ili muda unapobana kila mmoja wao ajue kwamba harusi ndiyo inayokatwa, na mkopo unabaki.